Nondo habebeshwi kama mkorosho

Kifukofuko cha nondo wa hariri wa ukoo wa Kijapani kina kiuno. Ukikiweka kiganjani, cheupe na chepesi, utadhani ni karanga yenye punje mbili ambayo haijamenywa. Cha ukoo wa Kichina hakina kiuno, kimejaa kama yai. Ukiwapandisha nondo wa koo hizi mbili, watoto wao hufuma kifukofuko cha katikati: kiuno kipo lakini kimejaa, ganda ni nene na gumu, na uzi wake ukivutwa kwenye maji ya moto unatoka mrefu bila kukatikakatika.

Nimeanza na karanga kwa makusudi. Makala haya yanahusu hariri, lakini yanaihusu pia Nachingwea, na hakuna wilaya nchini inayojua kama Nachingwea gharama ya kuleta mradi mgeni kabla ya kuuliza maswali ya mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki, zaidi ya ekari milioni 3, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Tanganyika ikapangiwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimeteketea, na reli yenyewe haikuvuka miaka ya mwanzo ya uhuru; iling'olewa.

Waliokuja na mpango ule walikuwa na fedha na mitambo. Walichokosa ni subira ya kupima: udongo wa eneo hili ukoje, mvua inaanza lini na kuishia lini, mbegu ipi inastahimili. Matrekta yalitangulia, majibu yakafuata. Ndiyo maana kila ninaposikia mtu akisema kwamba mikoa ya kusini ingefaa kwa hariri, kwamba mforosadi unaota popote, kwamba viwavi hawahitaji ekari nyingi, sikatai. Yote hayo ni kweli. Lakini nina swali moja ninalotaka lijibiwe kwanza, na swali hilo halihusu mforosadi wala viwavi. Linahusu mayai.

Ili swali hilo lieleweke, tuanze na mambo ambayo mkulima wa Nachingwea na wilaya jirani ya Ruangwa anayajua kwa mikono yake.

Utafiti wa kilimo wa kanda ya kusini, ambao leo makao yake ni TARI Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara, una mizizi Nachingwea. Kutoka katika kazi ya Naliendele zimepatikana mbegu za karanga zenye majina ya kwetu: Pendo, Mnanje, Mangaka, Masasi, na ile inayoitwa Nachingwea 2009. Karanga hujichavusha yenyewe. Ua lake linafunga ndoa ndani kwa ndani, na kwa hiyo mkulima akinunua kilo chache za Nachingwea 2009, akavuna vizuri na kuchagua punje safi, mwakani anapanda karanga ileile. Anaweza kumpa jirani, jirani akampa shemeji yake Ruangwa, na mbegu ikasafiri vijijini kwa miaka bila kumrudia mtafiti.

Mkorosho ni habari nyingine. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi karibu tani 16,500. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo watu kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na mikorosho yao kuachwa porini, lakini ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia pakubwa. Watafiti wakaingia mashambani kutafuta mikorosho iliyosimama imara pale mingine ilipooza maua, wakaanza kuichavusha kwa mkono: unatoa chavua ya mti huu, unapaka ua la mti ule, unafunika. Mbegu inayotokea hapo ni chotara, na kila mbegu ina bahati yake. Ikipatikana iliyo bora, haipandwi tena kwa mbegu. Inabebeshwa. Kikonyo cha mti bora kinafungwa juu ya mche wa kawaida, na kila mche uliobebeshwa ni mti uleule mmoja, leo na miaka thelathini ijayo.

Kwa hiyo tunazo njia mbili za kuhifadhi ubora: karanga inayojihifadhi yenyewe, na korosho inayohifadhiwa kwa kubebesha. Iko ya tatu, ya mahindi chotara. Hiyo nguvu yake ni ya msimu mmoja. Ukipanda mahindi uliyovuna kutoka kwenye chotara, shamba linakuwa la urefu mchanganyiko, magunzi madogo kwa makubwa, na ndiyo sababu mkulima hurudi dukani kila mwaka.

Hariri iko upande wa mahindi, tena ni ngumu zaidi. Nondo habebeshwi. Hana kikonyo cha kukata. Ubora wa chotara wake upo katika kizazi kimoja tu, kile cha kwanza, na kizazi hicho kinaishi siku hamsini hivi kutoka yai hadi nondo. Maana yake, mkulima anayefuga mara nne kwa mwaka anahitaji mayai mapya ya chotara mara nne kwa mwaka, na lazima yatoke kwa mtu anayewatunza wazazi wa pande zote mbili, kila ukoo katika usafi wake, mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo hakuna mnunuzi.

Nondo huyu, Bombyx mori, amekaa na binadamu takriban miaka 5,000, tangu Wachina walipomfuga kutoka kwa ndugu yake wa porini. Muda huo umembadilisha kabisa. Nondo mpevu ana mabawa lakini haruki. Hana haja ya kula; anatoka kwenye kifukofuko, anapandana, jike anataga mayai 400 hadi 500, basi, wanakufa. Kiwavi naye akiwekwa juu ya mti atakaa palepale akisubiri majani yaletwe. Kazi yake yote ni kula. Anaanguliwa akiwa mdogo kama uzi uliokatika, mweusi, uzito wake haufiki hata nusu ya miligramu. Anajivua ngozi mara nne. Baada ya siku 25 hivi amekuwa mzito kama mara 10,000, ana rangi ya maziwa, na katika juma lake la mwisho amekula zaidi ya robo tatu ya majani yote ya maisha yake. Banda lenye viwavi wa umri huo lina mlio wa mvua ndogo inayonyesha juu ya majani makavu.

Kisha anaacha kula, mwili unakuwa kama una mwanga ndani, anainua kichwa akitafuta pa kushikia. Kwa siku mbili au tatu anakizungusha kichwa chake bila kupumzika, akitoa nyuzi mbili laini zilizoshikanishwa na gundi, uzi mmoja usiokatika. Urefu wa uzi huo ndio tofauti ya umaskini na faida. Ukoo wa kale wa kusini mwa India unaoitwa Pure Mysore, wenye vifukofuko vya rangi ya njano inayoelekea kijani, hauwezi kufikisha mita 500. Chotara wa kisasa wa India, CSR2 aliyepandishwa na CSR4, hupita mita 1,000. Na hapa karanga yetu inarudi: CSR4 ana kifukofuko chenye kiuno, CSR2 ana cha mviringo.

Tofauti hiyo haiishii kwenye urefu. Vifukofuko vya koo dhaifu vinahitajika kilo 10 na zaidi kupata kilo moja ya uzi ghafi. Vya chotara mzuri, kilo 6 au 7 zinatosha. Viwavi ni walewale kwa idadi, majani ni yaleyale kwa kapu, jasho ni lilelile la mama aliyeamka alfajiri kukata matawi. Kinachoongeza uzi ni nani alimpandisha nani.

Aliyeliona hilo mapema kuliko wengine ni Mjapani, Toyama Kametaro. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliajiriwa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, kusaidia ufugaji wa nondo wa hariri. Huko alipata viwavi wenye alama na rangi tofauti za vifukofuko, akawapandisha, akahesabu watoto na wajukuu, na mwaka 1906 akachapisha matokeo: sheria za urithi ambazo Gregor Mendel alizipata kwenye njegere zilikuwa zikifanya kazi vilevile kwa nondo. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuzithibitisha kwa wanyama. Lakini pamoja na hesabu aliona jambo ambalo mfugaji yeyote angeliona: watoto wa kizazi cha kwanza walikuwa na afya kuliko wazazi, walikua pamoja, walikufa wachache, na vifukofuko vyao vilikuwa vizito. Akashauri wakulima wapewe mayai ya kizazi hicho tu.

Serikali ya Japani ilimsikiliza. Mwaka 1914 vituo vyake vilianza kusambaza mayai ya chotara, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 karibu mayai yote yaliyofugwa na wakulima wa nchi hiyo yalikuwa ya chotara. Wakati huo mahindi chotara yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutazamwa huko Marekani. Yaani chotara ya kwanza kuenea kwa wakulima wa nchi nzima haikuwa ya nafaka, ilikuwa ya mdudu. Japani ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza uzi wa hariri nje, na msingi wa biashara hiyo ulikuwa nyumba za mayai.

Nyumba ya mayai inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa wengi wanaovutiwa na hariri huruka hatua hii.

Kwanza kuna wazazi. Ukoo wa Kijapani unafugwa kwenye banda lake, wa Kichina kwenye lake, hawachanganyiki. Wakishafuma, vifukofuko vinakatwa ncha kwa wembe na pupa anatolewa. Pupa jike na dume hutofautishwa kwa alama ndogo chini ya tumbo: jike ana mstari unaofanana na herufi X, dume ana nukta. Mtu mwenye macho mazuri na mazoezi hupanga maelfu kwa siku, jike huku, dume kule. Akikosea, nondo wa ukoo mmoja watapandana wenyewe kwa wenyewe kabla ya alfajiri, na mayai hayo si chotara tena. Wajapani walitafuta njia ya kupunguza kosa hilo. Mtaalamu wao, Tazima Yataro, alihamisha kipande cha kromosomu yenye alama za mwili kwenda kwenye kromosomu ya kike, hata majike yakawa yanazaliwa na mistari na madume bila mistari. Unawapanga wakiwa bado viwavi, kama mtu anavyopanga korosho za daraja la kwanza na la pili.

Nondo hutoka asubuhi na mapema. Majike ya ukoo mmoja huwekwa na madume ya ukoo mwingine kwa saa tatu au nne, kisha hutenganishwa, na kila jike huwekwa peke yake chini ya kikombe juu ya karatasi. Usiku anataga.

Sasa inakuja kazi ambayo bila hiyo yote yaliyotangulia ni bure. Kila mama akishataga anasagwa kwenye kinu kidogo kwa tone la maji, na tone hilo linatazamwa kwenye hadubini. Kinachotafutwa ni vijidudu vya ugonjwa unaoitwa pebrini, ambavyo mama humrithisha mtoto ndani ya yai lenyewe. Vikionekana, mayai yake yote huchomwa moto. Njia hii ni ya Louis Pasteur, aliyekaa Alès, kusini mwa Ufaransa, kuanzia 1865, wakati ugonjwa huo ukiwa umeiangusha hariri ya Ulaya. Hadi leo haijapatikana njia rahisi kuishinda: mama mmoja, karatasi moja, hadubini moja. Mkulima anayetagisha nondo wake mwenyewe nyumbani ili kuokoa gharama ya mayai hupata hasara mbili kwa pamoja. Anapoteza nguvu ya chotara, kwa sababu wajukuu hutawanyika, mmoja mnene mwingine mwembamba, mmoja anafuma leo mwingine keshokutwa. Na anaweza kuingiza ugonjwa utakaomaliza banda lake na la jirani.

Kisha kuna suala la yai kulala. Koo za Kijapani, za Kichina na za Ulaya ni za nchi zenye baridi. Yai lao, likishatagwa, hulala hadi majira ya baridi yapite. Nachingwea haina majira ya baridi ya kuliamsha. Kwa hiyo nyumba ya mayai hulidanganya: hulitumbukiza kwenye asidi ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 46 kwa dakika chache, likiwa na umri wa takriban siku moja, au hulihifadhi kwenye jokofu kwa miezi kisha kuliamsha. Hapo umeme ukikatika siku mbili, msimu wa watu mia umeharibika.

Wahindi wa Karnataka walilitatua hili kwa akili ambayo naipenda sana. Yai la nondo kulala au kutolala huamuliwa na mama, baba hana sauti. Wakamchukua jike wa Pure Mysore, ukoo wa nchi ya joto ambao mayai yake hayalali, wakampandisha na dume wa ukoo wa nchi za baridi, CSR2. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 10 hivi bila asidi wala jokofu. Watoto wanapata uvumilivu wa joto kutoka kwa mama na uzi mrefu kutoka kwa baba. Uzi haufikii ule wa CSR2 na CSR4, lakini mkulima mwenye banda la kawaida, asiye na kipoza hewa, hulala usingizi. Kwa wakati wa joto kali walitengeneza pia chotara mwingine, CSR18 na CSR19, katika miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Wajapani.

Nachingwea iko kwenye nyanda zisizo za juu sana, na joto lake kwa sehemu kubwa ya mwaka si adui wa nondo. Kiwavi anataka nyuzi 23 hadi 28 na hewa yenye unyevu. Tatizo ni miezi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo mforosadi usiomwagiliwa hutoa jani gumu, dogo, lenye maji kidogo, na kiwavi wa chotara bora akilishwa jani hilo hufuma kifukofuko cha chotara duni. Ubora wa damu hautokei bila ubora wa jani.

Na kiangazi chetu kina mwenyewe. Kuanzia Juni mikorosho inapochipua na kutoa maua, mashamba ya Nachingwea na Ruangwa hupulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, na dawa za kuua wadudu dhidi ya mbu wa korosho. Kiwavi wa hariri naye ni mdudu. Upepo ukibeba dawa hiyo mita chache hadi kwenye mforosadi uliopandwa mpakani mwa shamba, viwavi wote watatapika na kufa kabla ya jioni. Hili si jambo la kutisha watu, ni la kupangilia. Miezi ya mvua, Januari hadi Aprili, jani ni zuri na dawa za korosho hazijaanza. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya kupanda na kupalilia ufuta, zao ambalo kwa kaya nyingi ndilo linalolipa ada za shule, na pia ndiyo miezi ambayo unyevu huleta kuvu kwenye mabanda. Kaya ikichukua mayai ya mama 100, ina viwavi wapatao 45,000 na inahitaji karibu tani nzima ya majani, sehemu kubwa yake katika siku saba za mwisho. Nani atapalilia ufuta juma hilo? Mpango wowote wa hariri ambao haujakaa chini na akina mama wa kaya hiyo kuhesabu mikono na siku, mimi siuamini.

Tusijidanganye kwamba tunaanzia sifuri. Mkono wa Waswahili na hariri ni wa zamani. Katika karne ya 16 Wareno walikuta wafumaji wa Pate wakisifika pwani nzima kwa vitambaa vya hariri, wakifumua nguo kutoka ng'ambo na kuzifuma upya kwa mtindo wao. Ufugaji wenyewe una uzoefu kwa majirani. Kenya ina kituo cha hariri Thika kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Wajapani, na leo kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo. Mforosadi wenye jina la Thika na ule wa Embu ni miongoni mwa aina zilizojaribiwa huko. Jijini Nairobi, icipe, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilikuwa na programu ya wadudu wa biashara chini ya Suresh Raina. Iliwafuga chotara kutoka China, kama Shaanshi BV-333, ikawalisha majani ya miforosadi mbalimbali kuona yupi anafaa na upi, na ikatengeneza aina zake zinazoitwa ICIPE I na ICIPE II. Uganda nayo imewekeza, na taasisi ya TRIDI inaendesha mradi wa hariri ikiwa na kituo Sheema, magharibi mwa nchi hiyo.

Somo ninalolichukua Kenya ni la utaratibu: waliwajaribu chotara na mforosadi pamoja, kwenye hali ya hewa yao, kabla ya kusema hiki kinafaa. Chotara aliyefanya vizuri Shaanxi, China, au Mysore, India, anaweza kushindwa Thika, na aliyefaulu Thika, mahali pa juu penye ubaridi, hana cheti cha kufaulu Ruangwa. Kumpima kunachukua misimu kadhaa: nyungo kadhaa za kila aina, majani yaleyale, banda lilelile, kisha unahesabu waliokufa, unapima vifukofuko, unavuta uzi. Ni kazi ambayo watafiti wa Naliendele wanaifahamu kwa korosho, ufuta na karanga. Chombo ni tofauti, akili ni ileile.

Upande wa mauzo, wilaya hizi zina jambo ambalo wengi hawana. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wamezoea kukusanya mazao kupitia vyama vyao vya ushirika vya msingi, AMCOS, na chama kikuu cha RUNALI, ghala moja, mnada mmoja. Vifukofuko vikikaushwa vizuri hukaa ghalani miezi bila kuoza. Lakini lazima vikaushwe kwa hewa ya moto mapema, kwani siku 10 hadi 12 baada ya kufuma nondo hutoboa na kutoka, na kifukofuko kilichotobolewa hakivutwi tena uzi mmoja, kinakuwa cha kusokota tu. Ghala la korosho linaweza kumsubiri mnunuzi. La hariri litamsubiri tu kama kuna kikaushio kijijini au karibu yake.

Nikiulizwa na kiongozi yeyote wa wilaya hizi mbili hariri ianzie wapi, jibu langu si kugawa vipandikizi vya mforosadi kwenye mkutano wa hadhara. Mforosadi hauna shida. Unaota kwa pingili kama muhogo na mwaka haujaisha unavuna majani. Ianzie kwenye chumba kimoja chenye jokofu, umeme wa jua wa akiba, hadubini tatu na watu sita waliofunzwa kutambua pupa. Ndani yake zihifadhiwe koo chache za wazazi, angalau moja ambayo mayai yake hayalali ili iwe upande wa mama, na kituo cha utafiti kizijaribu kwa misimu mitatu hapa hapa, jani la hapa, joto la hapa. Fedha ya kuwatunza wazazi hao iwekwe kwenye bajeti kama mshahara, kwa kuwa ukoo ukiachwa njaa mwezi mmoja tu umekwisha, na hakuna ghala la mbegu linalomhifadhi nondo kama linavyohifadhi punje ya mahindi. Kaya ishirini zifuge kwanza. Zikipata mayai kwa wakati misimu yote mitatu, hapo ndipo vijiji vingine viitwe.

Na wewe ndugu msomaji mwenye ekari zako Naipanga, Mnacho au Nandagala, siku ukitembelewa na mtu mwenye karatasi nzuri za mradi wa hariri, mpe kiti, mpe maji, kisha muulize mambo matatu kabla ya kung'oa mkorosho hata mmoja: Mayai yanatoka wapi? Nani amewapima mama zao kwenye hadubini? Na haya yakifugwa yakaisha Februari, mengine yananifikia tarehe ngapi Machi? Akiwa na majibu, mwoneshe pa kupanda mforosadi, mbali na upepo wa salfa.